Fundi aliyekuwa akijenga: uchambuzi wa kisa kimoja cha tiba shufaa, kutoka Nakuru hadi Nyando

Kwa nini kisa hiki

Ndani ya faili la mgonjwa huyu kuna sentensi mbili nilizoziandika kwa mkono wangu mwenyewe, katika ukurasa mmoja. Ya kwanza inasema: "Mgonjwa bado anakana." Ya pili, mistari michache chini yake: "Mke amekubali." Zote mbili hazikuwa kweli. Ilinichukua wiki kadhaa kuligundua hilo, na katika wiki hizo mtu mmoja aliumia usiku kucha bila sababu.

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa, huduma ya kumtuliza mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi tena. Kazi yetu kubwa ni kutembelea wagonjwa majumbani, mjini Nakuru na viunga vyake. Swali ninaloulizwa zaidi na familia si la dawa. Huniuliza: "Sista, amekubali?" Tena huniuliza kwa sauti ya chini, mlangoni, nikiwa tayari nimeshavaa viatu. Kisa hiki kimenifanya nisilijibu tena kama nilivyokuwa nikilijibu.

Familia imeridhia kiandikwe. Majina nimeyaacha, kijiji sikitaji, na mambo machache nimeyageuza ili wahusika wasitambulike.

Usuli

Nitamwita Fundi. Alikuwa na miaka 61, fundi wa magari mwenye gereji ndogo ya jua kali. Kwao ni Nyando, uwanda wa Kano, lakini alikuja Nakuru akiwa kijana na hakuondoka tena. Mkewe ni wa kabila jingine, walikutana hapahapa mjini, na lugha ya nyumbani kwao ni Kiswahili. Wana watoto watatu, mkubwa ni wa kiume na tayari anajitegemea.

Ugonjwa ulianza kwa tonge la ugali kukwama kifuani. Akawa analisukuma kwa maji. Baada ya miezi kadhaa hata ugali laini ukamshinda, akahamia uji, kisha uji mwepesi. Alipokubali kwenda kuwekwa kamera, nguo zilikuwa zimeshaanza kumpwaya. Majibu: saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na picha ya CT ikaonyesha imeshafika kwenye ini. Saratani hii si ngeni Magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa, na walio wengi hufika hospitalini wakati chakula kimeshakataa kupita. Daktari bingwa alisema upasuaji hautasaidia.

Aliambiwa nani? Mke na mwana mkubwa, kwenye korido. Mgonjwa mwenyewe aliambiwa ana kidonda kooni. Kwetu jambo hili ni la kawaida mno, na hufanywa kwa mapenzi.

Ziara ya kwanza

Tulimkuta ameketi kwenye kochi, redio ikiwa imewashwa. Nilipomaliza kumpima akaniuliza, "Sista, hiki kidonda kina jina?" Mke akainamisha kichwa. Tulishajadiliana na daktari wetu kwamba mgonjwa akiuliza mwenyewe, tutamjibu. Nikamjibu. Akauliza ni muda gani. Nikamwambia daktari anahesabu miezi, si miaka.

Akanyamaza kidogo. Kisha akamgeukia mwanawe: "Piga simu uulize mabati ya geji 30 yamefika bei gani siku hizi."

Hilo ndilo lililonifanya niandike "anakana". Mtu ameambiwa anakufa, naye anauliza bei ya mabati. Mke, kwa upande wake, alinisindikiza hadi langoni akasema kwa utulivu kabisa, "Mungu ndiye mpaji, na ndiye mwenye kuchukua. Sisi tumemwachia." Sauti haikutetemeka. Nikaandika "amekubali".

Wiki tatu zilizofuata

Tulimwanzishia morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, ambayo ilimfaa kwa kuwa vidonge havikupita. Tulianza na miligramu 5 kila baada ya saa nne, tukapandisha hadi 10, na ya kulalia maradufu ili asiamshwe katikati ya usiku. Pamoja nayo tulimpa dawa ya kulainisha choo, maana morfini hufunga tumbo na mgonjwa asiyepata choo hatakushukuru hata maumivu yakiisha.

Hakupata nafuu tuliyoitarajia. Mchana alikuwa mkali, anamfokea mkewe kwa jambo dogo, anakataa wageni, hata mchungaji alimkatalia. Kwenye simu na kaka yake huko Nyando alikuwa hana jingine ila mbao, misumari na nani atachimba mashimo ya nguzo. Katika kikao chetu cha wiki tukalijadili. Mmoja wetu akasema ameshatoka kwenye kukana, sasa yuko kwenye hasira. Tukakubaliana apelekewe mshauri nasaha. Mshauri alikwenda, akakaa naye dakika kumi, akarudi.

Chupa ya pili ilipotimiza siku saba nilifika bila kupiga simu, kwa kuwa nilikuwa mtaa wa jirani. Chupa ilikuwa juu ya kabati, karibu na dirisha, na jua lilikuwa linapita ndani yake. Nikaona kiwango kikiwa juu mno. Dawa yetu ina miligramu moja kwa kila mililita. Kwa siku alipaswa kunywa mililita 60: kumi mara nne mchana, na ishirini za kulalia. Kwa siku saba ni 420, kwa hiyo kwenye chupa ya mililita 500 zilipaswa kubaki 80. Nilipopima zilikuwa 220. Zilizozidi ni 140, na 140 ni ishirini mara saba.

Dozi ya usiku haikuwahi kutolewa hata mara moja.

Nilimfuata mama, yaani mkewe, jikoni, nikamuuliza bila kumlaumu. Alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo, na mikono haikuacha kuchagua. "Akinywa ile ya usiku analala sana," akasema. "Nilikuwa naogopa asiamke." Alikuwa akikaa macho akimsikiliza anavyougulia, akijiambia kwamba anayeugulia yuko hai.

Huyo ndiye niliyeandika kwamba amekubali.

Daftari

Dozi ya usiku ilirudishwa. Siku ya tatu Fundi alikuwa mtu mwingine: alilala, alinyoa ndevu, alimwomba mkewe msamaha mbele yangu. Hasira tuliyoipa jina la kitaalamu ilikuwa ni maumivu na kukosa usingizi.

Siku hiyo ndipo aliponionyesha daftari lake la gereji, lenye jalada lililoloa oili, ambamo aliandika madeni ya wateja. Kurasa za mwisho alikuwa amechora nyumba: futi 15 kwa 12, mlango, madirisha mawili, mahali pa nguzo, na idadi ya mabati imezungushiwa duara. Nje ya nyumba, kando, upande wa kulia, kulikuwa na mstatili mdogo uliochorwa kwa rula. Ndani yake ameandika kwa herufi kubwa: MIMI.

Akanieleza polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Kwa desturi ya Wajaluo kijana hujenga simba, nyumba ya ujana, katika boma la baba yake. Akishaoa na kupata watoto hutoka kwenda kuanzisha boma lake, dala. Mzee wa ukoo humwonyesha mahali, mwana mkubwa hubeba shoka, mwenyewe hubeba jogoo, mke hubeba moto. Nyumba husimamishwa siku hiyohiyo, na usiku huo mume na mke hulala ndani yake. Yeye hakuwahi kutoka. Alikuwa ameanza kuweka akiba ya vifaa, lakini vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru Januari 2008 gereji iliporwa, na kila mwaka uliofuata ulikuwa na karo yake.

"Nikifa bila boma wanangu watakuwa wageni kwa babu yao," akasema. Akakumbuka kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Siaya Mei 1987, baada ya miezi mitano ya mjane, ambaye hakuwa Mjaluo, na ukoo kuvutana mahakamani juu ya mahali pa kumzika. Wakati huo yeye alikuwa kijana mwanafunzi wa gereji na redio ilikuwa haizimwi. "Mke wangu naye si wa kwetu. Sitaki nimwachie kesi. Nataka nimwachie mlango."

Nilirudi ofisini nikafungua faili, nikaisoma ile sentensi yangu. Nyumba nzima ile hakuna aliyekuwa amekitazama kifo usoni kuliko huyu. Alikuwa amekipimia futi.

Maamuzi, na sababu zake

Tuliitisha kikao cha familia, daktari wetu akiwa kwenye simu iliyowekwa sauti kubwa. Kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwa limechanga shilingi 340,000 kwa nia ya kumpeleka India, na michango ilikuwa bado inaingia. Fundi alitaka fedha hizo zijenge. Kaka yake, aliyesafiri kutoka Nyando, alisimama akasema: "Tukienda kujenga, tumesema afe." Mama naye alikuwa upande huo, kimyakimya.

Daktari hakuzunguka. Alisema safari ya India haitamwongezea siku, ila itampunguzia nguvu alizobaki nazo. Akapendekeza stenti, mrija wa waya unaowekwa ndani ya umio na kutanuka, ili uji, maziwa na dawa viendelee kupita. Tulipima hivi: bila kumeza asingeistahimili safari, na bila safari hakuna kitu kingine alichokitaka. Kwa hiyo stenti kwanza, ujenzi baadaye, India basi. Kaka alikubali baada ya Fundi kumwambia kwamba mwaka wao wa kugombana umeshapita. Sijui walikuwa wamegombana nini, na sikuuliza.

Uamuzi mgumu zaidi ulikuwa wa mama. Tulikuwa tumemwachia chupa ya dawa bila kumuuliza hata mara moja yeye mwenyewe anaogopa nini. Sasa nilikaa naye mchana mzima. Nikamweleza kwamba morfini ikitolewa kwa kipimo na kupandishwa taratibu haimuui mgonjwa. Humwondolea kinachomzuia kulala. Tukaanzisha daftari la shule: kila dozi, saa yake, na sahihi yake pembeni. Alipenda sahihi ile. Baadaye aliniambia ilimfanya ajione mfanyakazi, si mtu anayesubiri.

Safari na nyumba

Kutoka Nakuru hadi uwanda wa Kano ni safari ya kupanda na kushuka: baridi ya Mau Summit, mashamba ya chai ya Kericho, kisha joto linakupokea ukiteremka kuelekea Awasi. Walikodi Noah. Nilikuwa nimewaandalia barua ya dawa, chupa mbili, na namba ya mwenzetu wa tiba shufaa upande wa Kisumu. Kabla hawajaondoka Fundi aliinua kidole tunyamaze, akasikiliza injini, akamwambia dereva: "Plagi moja haichomi." Ilifunguliwa pale pale. Kweli.

Nyumba ilisimama kwa siku moja. Mwana alibeba shoka. Fundi alibebwa kwenye kiti cha plastiki, jogoo akiwa mapajani. Mama alibeba moto, na usiku ule walilala humo, sakafu ikiwa bado udongo mbichi. Nilitumiwa picha. Anacheka, na meno yanaonekana makubwa kama ilivyo kwa watu waliokonda.

Usiku wa baadaye

Ningependa kuishia kwenye picha ile, na wengi wetu tunaosimulia visa huishia hapo. Lakini Fundi aliishi wiki tano zaidi, na wiki hizo hazikuwa sawa.

Mbili za mwanzo zilikuwa tulivu. Ya tatu, saa nane usiku, simu yangu ililia. Alikuwa ni yeye mwenyewe. Alitaka arudishwe Nakuru, alazwe, atundikiwe maji. Pumzi ilikuwa fupi. Akasema maneno niliyoyaandika usiku uleule: "Sista, nilidhani nyumba ikiisha nitakuwa tayari. Kifo nilikikubali. Kufa ndiko sikujui."

Kiswahili kinatutofautishia mambo haya mawili, nasi watu wa tiba tunayachanganya kila siku. Kifo ni habari. Mtu anaweza kuipokea, akaipangia, akaichorea mstatili. Kufa ni kitendo kinachofanyika mwilini, usiku, na hakuna aliyekwishakifanya akarudi kumwelekeza mwenzake.

Hatukumrudisha. Mwenzetu wa Kisumu alifika asubuhi, akapandisha dozi, kwa kuwa morfini husaidia pia pale pumzi inapombana mgonjwa wa namna hii, akamwinua kwa mito na kulielekeza godoro mlangoni ili upepo umpige usoni. Usiku taa ndogo ya sola haikuzimwa tena. Nami nilimwambia anipigie saa yoyote. Alipiga mara nne. Mara mbili hakusema neno. Nilimsikiliza anavyopumua, naye akajua nasikiliza. Kuna asubuhi aliamka akawa anawagawia mafundi wake spana kwa njia ya simu, mtulivu kabisa, na jioni yake akalia akiomba asiachwe. Siku mbili kabla ya mwisho alisinzia zaidi. Alifariki alfajiri, mke akiwa amemshika mkono. Mke alinipigia mimi kabla hajapiga yowe, kwa sababu alijua akianza boma zima litajaa watu na hataweza kuzungumza.

Alizikwa mahali alipopachora.

Kilichofaa na kilichoharibika

Mwaka 1969 daktari Elisabeth Kübler-Ross, baada ya kuzungumza na wagonjwa mahututi huko Chicago, alieleza hatua tano: kukana, hasira, kupatana bei, huzuni, kukubali. Kazi ile ilifungua midomo ya madaktari waliokuwa hawathubutu kumkabili anayekufa, na heshima hiyo nampa. Ila sisi tulizigeuza ngazi. Tulimtazama Fundi tukatafuta yuko kidato cha ngapi. Mpango wake wa ujenzi tukauita kukana, maumivu yake tukayaita hasira. Tungeanza na chupa, kama muuguzi yeyote anavyofundishwa, tusingepoteza wiki tatu.

Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, na aliyefungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya kijamii na ya roho kwa pamoja. Kwa Fundi hilo lilionekana wazi. Dozi ya usiku ilipotolewa ndipo alipoweza kuomba msamaha. Stenti ilipowekwa ndipo alipoweza kuwa baba wa boma. Sijaona mtu akikubali lolote huku anaumwa. Nimeona watu wakinyamaza, nasi tukakiita kimya hicho amani.

Je, alikubali? Nikilazimishwa kujibu, nitasema ndiyo, kwa saa kadhaa za siku nyingi. Kulikuwa na saa nyingine ambazo hakukubali hata kidogo, na sidhani saa hizo zilizifuta zile za kwanza. Niliwahi kuamini kazi yangu ni kumfikisha mgonjwa mahali fulani na kumwacha pale akiwa ametulia. Fundi alifika, akatoka, akarudi. Kilichomsaidia ni kutokuwa peke yake katika kwenda na kurudi huko, na mimi niliyekuwa kilomita zaidi ya mia moja mbali nilikuwa sehemu ndogo tu ya hilo.

Kwa hiyo nimeacha kuandika "amekubali" na "anakana". Naandika alichosema, kwa maneno yake. Ninauliza maswali mawili: ni kipi bado hakijakamilika, na usiku unaogopa nini. Na yule anayemhudumia namuuliza vilevile, mbali na mgonjwa, tena mapema, si mlangoni nikiwa nimevaa viatu.

Chupa iliyorudishwa

Morfini inayobaki hurudishwa kituoni. Mama angeweza kumkabidhi mwenzetu wa Kisumu, lakini alisafiri nayo hadi Nakuru, wiki ya sita baada ya maziko, imefungwa kwenye leso ndani ya mkoba. Zilibaki mililita 90. Alileta na lile daftari la shule, tukalihesabu pamoja, likalingana.

Kisha akaniuliza tuliandika nini kumhusu yeye. Nikafungua faili, nikamsomea. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo futa, sista," akasema. "Mimi hata leo bado."

Kumbukumbu za mgonjwa hazifutwi. Anayekosea huvuta mstari mmoja juu ya maneno, yaendelee kusomeka, akaweka tarehe na sahihi. Nikavuta mstari, yeye akiangalia, na pembeni nikaandika aliyosema.